Aliyeniuliza Habari za Jovina

Baiskeli yake aliifunga kwa minyororo miwili hata alipoiegesha ubavuni mwa kanisa. Funguo alizitia mfuko wa ndani wa koti, kisha akaingia kutuhubiria kwamba Mungu hulinda kila kilicho chetu. Watu walicheka, na yeye mwenyewe alicheka.

"Mungu analinda," aliniambia siku moja nilipomtania, "lakini hajaniambia kwamba vijana wote wa Murusagamba wameokoka."

Hapa kwetu alikuwa Mwinjilisti tu. Jina lake la ubatizo lipo, na wakubwa wa kanisa walilitumia walipokuja kutoka Ngara mjini, lakini sisi tulilisikia kama jina la mtu mwingine. Nilimkuta akiitwa Mwinjilisti nilipohamishiwa shule ya msingi ya huku nikitokea Biharamulo. Nilikuwa mwalimu mgeni, mtoto mgongoni, sijui Kihangaza zaidi ya salamu. Mume wangu alikuwa Rusumo, mpakani, katika kazi ya kutoa mizigo ya malori forodhani, na alikuja nyumbani malori yalipomruhusu. Nyumba niliyopanga ilipakana na shamba la Mwinjilisti. Siku ya kwanza mkewe aliniletea ndizi za kupika na maharage mabichi. Siku ya pili alikuja Mwinjilisti mwenyewe kunionyesha chemchemi ipi ni ya kunywa na ipi ni ya kufulia.

Mahubiri yake, niseme ukweli, hayakuwa mazuri. Alianza na Ibrahimu, akapotelea jangwani na wana wa Israeli, na mara nyingi tulifika saa ya sadaka kabla hajavuka Yordani. Halafu neno "rehema" lilimshinda. Alisema "lehema". Watoto waliokaa mbele walifunika midomo kila alipolitamka, na alilitamka mara nyingi kwa sababu alilipenda kuliko maneno mengine yote. Mwaka wangu wa kwanza, kwa ujana na kwa ualimu, nilimwita pembeni baada ya ibada nikamwambia kwa adabu lilivyo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Nitajaribu. Ila Yule ninayemwita kwa hilo hajawahi kukosea kuitika."

Jumapili iliyofuata alijaribu kweli. Alifika kwenye neno, akasimama, akameza mate, akasema "lehema". Kanisa zima liliangua kicheko, na yeye ndiye aliyetangulia kucheka.

Kipaji chake kilikuwa kwingine. Alijua kukaa. Ukifiwa, ukiugua, ukigombana na mumeo mpaka majirani wakasikia, ulimwona anaingia, anavua kofia, anakaa kwenye kigoda karibu na mlango. Hakuuliza kilichotokea. Hakutoa ushauri. Alikaa mpaka ukawasha moto, mpaka ukakumbuka kwamba kuna mboga ya kuchambua, na wakati mwingine aliichambua yeye. Akiondoka alisema neno moja: "Tunaangaliwa."

Alilisema hilo kwa kila mtu na kwa kila jambo. Mvua ya mawe ikipiga maharage, tunaangaliwa. Gari la abiria likikwama kwenye matope siku ya mnada, tunaangaliwa. Kulikuwa na mama mmoja mjane, jirani yetu wa upande wa juu, mwenye ulimi mkali, ambaye hakulipenda.

"Tunaangaliwa na nani, Mwinjilisti?" alimuuliza mbele yangu, mwaka ambao mihogo yake ilioza ardhini. "Maana anayeangalia tu mimi hanisaidii."

"Hata mimi namuuliza hivyohivyo," Mwinjilisti alimjibu, na akainama kumsaidia kung'oa.

Msidhani alikuwa mtu wa upole muda wote. Aligombania mpaka wa shamba na mdogo wake mwenyewe kwa ukali ulionitisha, na siku nyingine walisalimiana kwa kukohoa tu. Aliogopa radi kuliko watoto. Wingu likinguruma upande wa Burundi aliacha sentensi katikati, akaingia ndani, akakaa chini karibu na ukuta, miguu ameikunja. Ni hapo nilipomsikia mara ya kwanza akimwita Mungu kwa lugha ya nyumbani. Madhabahuni alisema "Mungu". Akiogopa, au akikasirika, alisema "Imana". Mkewe aliniambia, "Ukimsikia anasema Imana, ujue sasa hahubiri. Sasa wanaongea wawili."

Mwaka ule wa mnyauko ndio ulionifanya nimheshimu. Migomba ilianza kukauka kuanzia moyoni, ukiikata shina linatoa usaha wa njano, ndizi zinaiva kabla ya wakati na ndani zimeoza. Bwana shamba alipita akasema mgomba ulioshikwa lazima ung'olewe na uzikwe, panga lichomwe motoni kabla halijagusa mwingine. Watu walikataa. Mgomba huku ndio chakula, ndio kivuli, ndio mahari ya mtu. Wakamwendea Mwinjilisti wakamwambia aombe. Akaomba, akafunga, akazunguka mashamba. Kisha asubuhi moja tukasikia panga. Alikuwa anakata shamba lake mwenyewe, shina kwa shina, machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu.

"Mwinjilisti, imani yako imekwisha?" mtu mmoja alimwuliza kwa kebehi kutoka barabarani.

"Nimeomba," alisema bila kuacha kukata. "Jibu ni panga."

Alipomaliza kwake alikwenda kwa wengine kuchimba mashimo. Alianza kwa yule mdogo wake waliyegombana naye. Walichimba siku nzima bila kuongea, na jioni nikawaona wamekaa kwenye udongo wanakula viazi vitamu kutoka sahani moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo linanifanya niandike haya, na ambalo nimelizungukia kwa miaka.

Jovina, binti yangu, alikuwa ameanza kuongea vizuri malaria ilipompata. Homa ilipanda, ikashuka, nikadhani amepona. Siku iliyofuata nilipomwosha niliona viganja vyake ni vyeupe kama karatasi. Alikuwa anahema kama mtu aliyekimbia, na kichwa hakikusimama. Mume wangu alikuwa ng'ambo, Rwanda, akifuatilia mzigo. Nilitoka nje nikapiga kelele. Mwinjilisti alikuja mbio akiwa na jembe mkononi, akamtazama mtoto, akatupa jembe, akaenda barabarani kusimamisha pikipiki. Tulipanda watatu na dereva, mtoto katikati, mpaka hospitali mjini. Njia nzima mkono wake ulikuwa mgongoni mwa Jovina, na sikumsikia akiomba kwa sauti hata mara moja.

Daktari alisema aongezewe damu upesi. Akiba ilikuwa imekwisha. Yangu haikulingana na ya mtoto. Kabla muuguzi hajamaliza kueleza, Mwinjilisti alikuwa ameshavua koti.

"Pima ya kwangu," alisema.

"Umekula leo, baba?" muuguzi alimuuliza.

"Nimekula."

Alikuwa hajala. Nilikuja kujua baadaye kwa mkewe kwamba tangu Jovina aanze homa alikuwa amefunga kwa ajili yake, na hakutaka kusema asije akakataliwa. Damu yake ikapimwa, ikafaa, ikatoka. Nilikaa nikaitazama ikishuka tone kwa tone kwenye mkono mdogo wa mwanangu, na jioni ile midomo ya Jovina ikaanza kupata rangi. Akaomba uji. Nililia mpaka muuguzi akanituliza. Mwinjilisti alipewa soda, akanywa nusu kwa kukunja uso kana kwamba ni dawa. Tulipotoka nje kumtafutia usafiri aliyumba, akaegemea nguzo.

"Tunaangaliwa, Mwalimu," alisema, na mimi, mara ya kwanza tangu nifike Murusagamba, nilimwamini.

Wiki chache baadaye binti yake mwenyewe alishikwa na uchungu wa uzazi. Aliitwa Stela, kitindamimba wao. Alikuwa amerudi kwa wazazi kujifungulia huko kwa sababu mumewe alikuwa kwenye uvuvi, Ukerewe. Zilikuwa siku za masika. Alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike, kisha damu ikakataa kusimama.

Waliohitajika walikuwa watu wenye damu kama ya Mwinjilisti. Alivua koti tena. Safari hii muuguzi alimchoma kidole, akatazama kipimo, akatikisa kichwa. Damu yake ilikuwa bado haijarudi. Alikuwa ametoa karibuni, alikuwa ametoa na njaa, na yeye mwenyewe alihitaji dawa. Mkewe ananiambia alishika ukingo wa meza ya muuguzi akasema chukua hivyohivyo, chukua iliyopo, na walipomwambia haiwezekani alizungumza Kihangaza na kila mtu, hata na wasiokijua. Walipiga simu huku. Ndugu wawili waliolingana damu, na sisi akina mama wa kanisa, tulipanda gari dogo la mizigo. Mvua ilikuwa imekata barabara. Tulisukuma, tukakwama, tukasukuma. Tulipofika Stela alikuwa amefunikwa.

Mwinjilisti alitoka wodini akatukuta kwenye kibaraza, matope hadi magotini. Aliwapita ndugu zake. Akanijia mimi.

"Jovina anaendeleaje?" aliniuliza.

Akarudia kuuliza, taratibu, kama mtu anayemsemesha kiziwi.

"Hajambo," nilisema.

"Mungu asifiwe," alisema, akakaa kwenye benchi, akainamisha kichwa.

Watu waliosikia walilisimulia hilo kama ushuhuda. Angalieni imani, walisema, amefiwa na mwanawe na anamuulizia wa mwenzake. Mimi nililisikia kwa namna nyingine. Nilirudi nyumbani nikamkuta Jovina anacheza na chungu cha jirani, mashavu yamejaa, na nikashindwa kufurahi. Kila alipocheka niliona ni damu ya nani inayocheka. Alipokimbia, alipougua mafua akapona, alipopoteza jino la kwanza, kulikuwa na mtu wa pili katika kila jambo. Niliwahi kuisikia nafsi yangu ikifurahi kwamba zamu yetu ilitangulia, na niliogopa nafsi hiyo.

Kwa hiyo nilifanya nini? Nilianza kuzunguka. Kwenda shule nilipita njia ya bondeni badala ya kupita mlangoni kwake. Nyumba za walimu zilipopata nafasi, ng'ambo ya kilima, nilihama mara moja, na watu wakaona ni jambo la kawaida. Kanisani nilikaa nyuma, Jovina nikampakata mpaka alipokuwa mkubwa mno kupakatwa. Nilimpelekea mkewe sukari, sabuni na kitenge, kupitia kwa watu. Walipokea kwa furaha, na furaha yao ilinichoma. Mjukuu yule, Eliza, walimlea wao, kwa maziwa ya ng'ombe na uji. Nilimwona kwa mbali akikua mgongoni mwa bibi yake. Jovina hakujua lolote. Nilimwambia tu kwamba aliwahi kuugua.

Na Mwinjilisti? Popote tuliposhindwa kukwepana, mnadani, msibani, mlangoni mwa kanisa, aliniuliza swali lilelile. "Jovina hajambo?" Hakuniuliza habari za mume wangu, wala kazi, wala mvua. Nilijibu "hajambo", nikatafuta sababu ya kuondoka. Nilijiambia namhurumia. Kwamba mtu kama yule, mwenye imani kubwa vile, asilazimike kumtazama mtoto yule karibu.

Mwaka huu, shule zilipofunguliwa, mimi ndiye niliyepangiwa darasa la kwanza. Asubuhi ile ya kwanza wazazi walikuwa wanawaacha watoto mlangoni, wengine wanalia, wengine wanang'ang'ania kanga za mama zao. Nikamwona anapanda kilima kwa miguu, amemshika mkono msichana mwenye sare mpya inayomzidi. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyokuwa tayari kuona. Baiskeli alishaiacha. Kila hatua kadhaa alisimama, na msichana alisimama naye.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, Mwalimu. Jovina hajambo?"

"Hajambo."

Eliza aliingia darasani bila kulia. Nilingoja babu yake aage. Hakuaga. Alikaa kwenye benchi la nje ya darasa, akapumua, akatazama mabonde kuelekea Burundi. Nikaona safari hii sina pa kuzungukia. Nikakaa.

"Mwinjilisti," nilisema, "ile damu uliyotoa."

"Ndiyo."

"Ilikuwa ya Stela."

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kusikia akisema hapana, mwanangu, usiwaze hivyo. Nilikuwa hata na la kujibu.

"Ndiyo," alisema. "Hata mimi niliwaza hivyo."

Watoto ndani walikuwa wanagonga madawati. Akaendelea, polepole.

"Mwaka ule wa kwanza nilipomwona mtoto wako kanisani nilikuwa nasema moyoni, nirudishieni. Nasimama mbele yenu nahubiri lehema, na moyo unasema nirudishieni changu. Nilimwonea wivu mtoto mdogo, Mwalimu."

"Lakini ulikuwa unamuulizia. Kila mara."

"Nilikuwa namuulizia ili nisimchukie. Pale kibarazani nilipokuona, nilitaka kusema jambo baya sana. Nikakimbilia kuuliza habari yake kabla halijatoka. Tangu siku hiyo nikawa nakimbilia hapo hapo."

Nilimuuliza alimwambia nini Mungu.

"Hayo hayo. Nilimtukana. Mimi, mwinjilisti, shambani, nimeshika jembe. Imana, nilimwambia, umenidanganya, nimewaambia watu tunaangaliwa, kumbe uliangalia pembeni. Nikangoja aniache. Niliona lazima ataniacha, mtu akitukanwa hivyo anaondoka." Alikohoa. "Nikirudi nyumbani nakuta mfugaji mmoja Msukuma wa bondeni, ambaye hata kanisa hajui mlango wake, ameleta maziwa ya Eliza. Hakuna aliyemwomba. Kesho yake analeta tena. Naenda shambani natukana tena, nikirudi maziwa yapo. Mpaka nikachoka mimi. Nikasema huyu haondoki."

"Kwa hiyo ulielewa kwa nini Stela..."

"Sikuelewa. Hata leo sielewi, na akinieleza siku moja sijui kama nitakubali. Ila sikuachwa. Stela hayupo, na mimi sikuachwa. Nayabeba yote mawili."

Nikadhani amemaliza. Nilikuwa naanza kulia, nadhani kwa nafuu, nilipomsikia anasema kwa sauti nyingine, kavu kidogo.

"Lakini wewe uliniacha."

Nikamtazama.

"Nilipoteza binti, kisha nikapoteza jirani. Mke wangu alikuwa akipika anaweka sahani yako, halafu anaitoa. Sukari tulipata, asante. Sukari haikai ikaongea na mtu. Na yule mtoto, yumo duniani na damu yangu, sijawahi kumsikia akisema hata neno moja. Ulidhani unanihurumia?"

"Nilidhani hivyo."

"Ulijihurumia mwenyewe," alisema. Hakulisema kwa hasira. Aliniwekea mkono begani, mwepesi kama hauna mfupa. "Anajua?"

"Hajui."

"Mwite."

Jovina yuko darasa la nne, upande wa pili wa uwanja. Nilimwomba mwalimu wake ruhusa nikarudi naye, viganja vyake vimejaa vumbi la chaki kwa sababu alikuwa na zamu ya kufuta ubao. Alipiga goti kidogo, kama tunavyowafundisha.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," Mwinjilisti alisema, akanigeukia mimi.

Nikasema mimi. Nilisimama mbele yao wawili kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, nikamweleza Jovina kwamba alipokuwa mdogo alikaribia kufa, kwamba babu huyu alitoa damu yake akapewa yeye, na kwamba baada ya siku si nyingi mama yake Eliza aliihitaji damu hiyo na haikuwepo. Nilisema jina la Stela. Sikupunguza kitu. Jovina alinisikiliza huku anamtazama mzee, kisha akautazama mkono wake uliotokeza kwenye koti.

"Iliuma?" alimuuliza.

Mwinjilisti alifikiri.

"Siku ile haikuuma," alimjibu. "Iliuma baadaye."

Jovina aliitikia kwa kichwa. Akajifuta chaki kwenye sketi, akakaa benchini karibu naye, bega likigusa koti, na baada ya muda akaanza kumsimulia, bila kuulizwa, kuhusu mwenzake aliyeanguka kutoka juu ya mti wa mpera na hakuvunjika popote. Mzee alimgeuzia sikio. Darasani kwangu kelele zilizidi, kuna mtoto alikuwa anaita mwalimu, mwalimu, na mimi nilibaki nimesimama pale nikiwatazama.